Namna ya kuchagua baiskeli ya siklokrosi ya bei nafuu kwa safari za kila siku Goma

Mfanyakazi anayekaa Ndosho na kushuka mjini kila asubuhi anakanyaga njia za namna tatu ndani ya safari moja. Kwanza avenue yake ya mawe meusi, halafu lami ya barabara ya Sake, halafu tena vumbi au tope pale anapoiacha lami kuelekea kazini. Baiskeli ya mashindano yenye pine nyembamba haitoki salama kwenye mawe. Baiskeli ya mlima yenye springi inavumilia mawe, ila inakula nguvu zako kwenye lami. Baiskeli nyeusi ya mizigo inafika popote, lakini ni nzito na haina vitesi vya kukusaidia unapopanda kuelekea Munigi. Katikati ya hizo tatu ipo aina ambayo wengi hapa kwetu bado hawaitafuti kwa jina: siklokrosi.

Ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye fedha yake ina kazi nyingi na anataka baiskeli moja itakayomfikisha kazini miaka kadhaa. Jambo ninalotaka ulishike ni hili: kwa safari za kila siku Goma, siklokrosi ya bei ya chini inafaa kuliko ya bei kubwa. Ya bei kubwa imeundwa kwa mbio za saa moja, huku fundi akisubiri pembeni na baiskeli ya pili iliyooshwa. Ya bei ya chini ndiyo yenye matundu ya kufungia keria, freni za waya, na vitesi vichache ambavyo sheni yake unaipata sokoni.

Natumia majina ya mafundi wetu. Kadre ni fremu, gido ni usukani, pine ni tairi, jante ni rimu, rayo ni spoku, freni ni breki, sheni ni mnyororo, vitesi ni gia, plato ni meno ya mbele, pinyo ni meno ya nyuma.

Siklokrosi ni baiskeli gani

Mchezo wenyewe ulianzia Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Ufaransa yalifanyika mwaka 1902, na ubingwa wa dunia ukaanza mwaka 1950. Wapanda baiskeli wanazunguka uwanja wa tope, mchanga na nyasi wakati wa baridi, na penye ngazi au vizuizi wanashuka, wanaibeba baiskeli begani na kukimbia. Ubelgiji ndiyo nchi iliyoupenda mchezo huu kuliko zote, na jambo hilo lina faida kwetu, nitalirudia kwenye habari ya kununua.

Kwa macho inafanana na baiskeli ya mashindano ya barabarani: gido iliyokunjwa kushuka chini, magurudumu makubwa membamba. Tofauti iko kwenye nafasi. Kati ya pine na kadre pameachwa uwazi ili tope lisikwame, na uwazi huo ndio tunaouhitaji sisi kwa kuweka pine nene. Sheria ya shirikisho la kimataifa, UCI, inaweka kikomo cha milimita 33 kwa pine za mashindano, lakini kadre nyingi hupokea milimita 35, na nyingine 38 au zaidi. Waya za freni na vitesi mara nyingi hupitishwa juu ya bomba la juu, mbali na tope. Gido ni thabiti na haipindi ovyo unapogonga jiwe.

Hatua ya kwanza: pima safari yako kabla ya kuitazama baiskeli

Tembea njia yako, au ipite kwa moto (pikipiki), ukiwa na karatasi. Andika ni sehemu gani ya njia ni lami, ipi ni udongo uliokanyagwa, ipi ni mawe ya volkeno yasiyosawazishwa. Mawe haya si kokoto za kawaida. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na barabara nyingi zilifunguliwa upya juu ya lava ileile iliyopoa. Ni jiwe gumu, lenye matundu na kingo zinazokata ubavu wa pine kama wembe.

Ikiwa zaidi ya nusu ya njia yako ni mawe makubwa yaliyosimama, acha siklokrosi. Chukua baiskeli ya mlima isiyo na springi au yenye springi ya mbele tu, uweke pine za milimita 50. Ikiwa kazi yako ni kubeba gunia la makala (makaa) au la viazi, baiskeli nyeusi ya mizigo haina mpinzani, na kwa mizigo mizito zaidi chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili inayosukumwa, imeshatoa jawabu lake tangu zamani. Na ikiwa unavaa kikwembe (kitenge) kila siku, ujue kwamba bomba la juu la siklokrosi liko juu na limenyooka. Unaweza kuvaa suruali njiani na kubadilisha ukifika, lakini kama hilo halikupendezi, tafuta baiskeli yenye kadre iliyoshuka katikati.

Kwa njia iliyobaki, yaani lami nyingi pamoja na udongo na kilomita moja au mbili za mawe, siklokrosi ndiyo yenyewe.

Fikiria pia italala wapi mchana. Baiskeli ya vitesi yenye gido iliyokunjwa inavutia macho. Mwulize mlinzi wa ofisi au wa parsele (kiwanja) kabla ya kununua, si baada.

Hatua ya pili: gawa fedha yako

Chukua nauli yako ya moto ya siku moja, kwenda na kurudi, uizidishe kwa siku zako za kazi katika mwezi. Hesabu hiyo ndiyo itakuambia baiskeli itajilipa ndani ya miezi mingapi, nawe utajua kiasi cha kuvumilia kwenye bei. Ifanye kwa franka zako mwenyewe, usichukue ya jirani.

Halafu gawa. Usitumie fedha yote kwa muuzaji. Karibu baiskeli zote za mtumba zinahitaji pine, sheni, waya za freni na vibao vyake, yaani vipande vinavyobana gurudumu. Ukiwa na dola 300, tafuta baiskeli ya dola 220 na ubaki na 80 za kuitengeneza. Ukinunua ya dola 300 yenye pine zilizokwisha, utaendesha pine zilizokwisha.

Hatua ya tatu: kadre na kipimo chake

Kipimo ndicho kitu pekee ambacho fundi hawezi kukirekebisha. Simama bila viatu ukiegemea ukuta, weka daftari gumu katikati ya miguu, lipandishe mpaka liguse kabisa, halafu pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa daftari. Zidisha kwa 0.65. Mwenye sentimita 80 anapata 52, na hiyo ndiyo kadre yake kwa makadirio. Kwa siklokrosi, ukiwa katikati ya vipimo viwili, chukua kile kilicho kidogo. Ukisimama juu ya baiskeli na viatu, lazima pabaki uwazi wa vidole kadhaa kati yako na bomba la juu, kwa sababu kwenye mawe utashusha mguu bila kupanga.

Kuhusu aina ya chuma, alumini ni jibu la kawaida kwa bei nafuu: nyepesi, haipati kutu, lakini ikipasuka haichomelewi na fundi wa mtaani. Chuma cha kawaida ni kizito kidogo, kinalainisha mitikisiko, na fundi mwenye posti (mashine) ya kuchomelea anaweza kukiokoa. Ukipata kadre nzuri ya chuma kwa bei ileile, ningeichukua hiyo. Kadre nzima ya kaboni uikwepe. Uma wa mbele wa kaboni kwenye kadre ya alumini ni jambo la kawaida na unafaa, ila ukague kwa makini.

Sasa angalia matundu. Karibu na ekseli ya nyuma, na juu karibu na kiti, tafuta matundu madogo yenye uzi wa skrubu. Hayo ndiyo ya keria na madigadi. Kwenye baiskeli za mashindano halisi hayapo. Modeli kama Specialized Tricross au Kona Jake zinapendwa na watu wa safari za kila siku kwa sababu yapo. Ridley ya Ubelgiji na Cube ya Ujerumani nazo zimetoa siklokrosi nyingi za bei ya kati, lakini matundu hutofautiana mwaka kwa mwaka, kwa hiyo usiamini jina lililoandikwa kwenye bomba, inama uangalie. Kama hayapo na kadre ni ya chuma au alumini, klampu zenye mpira ndani zinaweza kushika keria nyepesi.

Hatua ya nne: magurudumu, na hapa usiwe na haraka

Fedha nyingi za wanunuzi hapa hupotelea kwenye magurudumu. Sababu ni kwamba namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye pine haisemi kila kitu.

Siklokrosi inatumia gurudumu linaloitwa 700C. Kipimo chake cha kweli, kile cha kiti cha pine kwenye jante, ni milimita 622. Baiskeli nyeusi ya mizigo inatumia pine ya 28 x 1½, ambayo kipimo chake ni 635. Zote mbili wauzaji huziita «ya 28». Ukivalisha pine ya 635 kwenye jante ya 622 italegea na kutoka. Kinyume chake haitaingia kabisa. Baiskeli nyingi za mlima ni 26, yaani 559, na hizo hata kwa macho ni ndogo. Kwa hiyo unapokwenda kununua pine usiseme «nipe ya 28». Geuza pine, tafuta namba ndogo mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 35-622 au 37-622. Ya kwanza ni unene, ya pili ndiyo kipimo. Ikisomeka 622, ni yako. Baiskeli za mlima za inchi 29 pia ni 622, lakini pine zake ni nene mno kwa kadre hii.

Mpira wa ndani hauna ukali huo. Ule wa 28 x 1½ unaingia kwenye pine ya 622 ya unene unaokaribiana bila matatizo, na hiyo ni nafuu kubwa kwa sababu upo kila mahali.

Kuna valvu mbili utakazokutana nazo kwenye mpira wa baiskeli ya Ulaya. Valvu nyembamba ya mashindano, yenye kichwa kidogo cha kufungua kwa vidole, inapita kwenye tundu la jante la milimita 6.5 hivi. Valvu nene, sawa na ya moto na gari, inahitaji milimita 8.5. Siklokrosi nyingi zina tundu dogo. Nunua kiunganishi kidogo cha shaba kinachogeuza valvu nyembamba iwe nene, ukifunge kwenye funguo zako, na kila fundi wa moto mwenye kompresa ataweza kukujazia. Mafundi wengine hupanua tundu la jante kwa kuchoboa. Kwenye jante pana ya alumini inawezekana, mradi kingo zipigwe msasa zisikate mpira.

Sasa onyo kubwa kuliko yote. Baiskeli za mashindano ya siklokrosi mara nyingi huuzwa zikiwa na boyau: pine iliyoshonwa pamoja na mpira wake, kisha ikagundishwa kwenye jante isiyo na kingo. Ikitoboka huivui na kuweka kiraka kando ya barabara. Sukuma pine pembeni kwa kidole gumba. Ukiona kingo mbili za jante zilizosimama na pine imeingia ndani yake, ni pine ya kawaida. Ukiona pine imelala juu ya jante kwa gundi, hiyo ni boyau, na magurudumu yote mawili itabidi uyabadilishe. Toa bei ya magurudumu hayo kwenye bei ya baiskeli, au ondoka.

Unene ninaoshauri kwa Goma ni milimita 35 hadi 38, pine yenye ubavu mgumu na meno madogo, na katikati iwe karibu laini ili lami isikuchoshe. Meno makubwa ya mashindano yanakwisha upesi kwenye lami na hayakusaidii kwenye jiwe. Kuhusu upepo, wachezaji wa siklokrosi hutumia upepo mdogo sana, lakini wao wako kwenye tope. Kwenye lava, pine laini inapigwa kati ya jiwe na jante na mpira unatoboka matundu mawili sambamba. Mtu wa kilo 70 aanze na bar 3.5 mbele na 4 nyuma, aongeze kidogo akibeba mzigo.

Hatua ya tano: freni

Aina tatu zipo sokoni. Ya zamani na ya bei rahisi ni kantileva, mikono miwili midogo iliyosimama kwenye uma na kubana jante, ikivutwa na waya wa katikati. Haina nguvu nyingi, na mvua ikinyesha inahitaji umbali zaidi, lakini fundi yeyote anaielewa. Hakikisha vibao vyake vimefungwa kwa uzi na nati, kama vile vya baiskeli za mlima, kwani hivyo vinapatikana. Vile vyenye kijiti laini kisicho na uzi ni vya kizamani na vigumu kupata.

Ya pili ni diski inayovutwa kwa waya. UCI iliruhusu diski kwenye siklokrosi mwaka 2010, kwa hiyo baiskeli za miaka iliyofuata zinazo zaidi. Kwa mvua zetu za Septemba hadi Desemba na za Machi hadi Mei, diski ya waya ni zawadi: tope na majivu ya volkeno hayasagi jante. Lakini vibao vyake vina maumbo mengi. Andika namba ya modeli, agiza jozi tatu au nne mapema, uziweke nyumbani.

Ya tatu ni diski ya mafuta. Inasimamisha vizuri kuliko zote, na kwa mtu wa Brussels ningeisifu. Hapa, siku hewa itakapoingia kwenye bomba la mafuta utahitaji vifaa na mafuta yanayolingana na freni ileile, na baiskeli itakaa wiki nzima ukutani. Iache.

Jambo moja la kumwambia fundi anayetaka kukusaidia kwa kubadilisha kantileva: freni ndefu za baiskeli ya mlima haziendani na mikono ya gido iliyokunjwa. Mikono hiyo inavuta waya mfupi, kwa hiyo utabana mpaka iguse gido kabla freni haijakaza sawasawa. Zipo freni fupi za aina hiyo, mikono yake ikiwa milimita 80 hadi 90, na hizo zinakubali.

Siklokrosi nyingi za bei nafuu zina mikono ya pili ya freni juu ya gido, sehemu iliyonyooka. Wanamashindano hawaihitaji. Wewe unaihitaji. Katika msongamano wa Birere, au unapopita polepole kati ya moto na wapita njia, unakaa wima, unaona mbali, na vidole viko kwenye freni.

Hatua ya sita: vitesi

Chagua pinyo 8 au 9 nyuma. Sheni ya pinyo 8 ni ileile inayotumika kwenye baiskeli za pinyo 6 na 7, na hizo zimejaa hapa. Pinyo 10 na 11 zina sheni nyembamba, ya bei kubwa, isiyovumilia mchanga. Kwa Shimano majina ni Claris ya pinyo 8 na Sora ya 9 katika baiskeli za miaka ya karibuni.

Kuna faida nyingine iliyojificha. Kwa Shimano za pinyo 8 na 9, mikono ya vitesi ya baiskeli ya barabarani inaendana na kihamishio cha nyuma (kile kinachosogeza sheni kwenye pinyo) cha baiskeli ya mlima. Maana yake, kilima kikikushinda, fundi anaweza kuweka pinyo kubwa ya meno 32 au 34 pamoja na kihamishio cha mlima, bila kugusa gido. Plato za siklokrosi mara nyingi ni meno 46 na 36. Ukiwa kwenye 36 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 2.8 hivi. Ukiweka 34 nyuma, unakusogeza mita 2.3, na mlima wa Kibati unakuwa mlima wa kawaida.

Hatua ya saba: wapi utaipata

Njia ya kwanza ni hapa mjini, kwa wauzaji wa vitu vya mtumba na kwa mafundi wenyewe. Mwachie fundi namba yako na umwambie kwa maneno mafupi unachotafuta: gido iliyokunjwa, pine nene kuliko za mashindano, freni za waya. Wengi watakuambia hawana kwa sababu hawalijui jina, ila baiskeli wanayo.

Ya pili ni Rubavu na Kigali. Rwanda ina utamaduni mkubwa wa mbio za baiskeli, na Kigali ilipokea ubingwa wa dunia wa barabarani mwaka 2025, wa kwanza kufanyika Afrika. Mafundi wa baiskeli za vitesi na vipuri vyake wapo huko. Ukinunua ng'ambo, dai risiti yenye namba ya kadre, ile iliyogongwa chini ya ekseli ya pedali, na uitangaze forodhani. Baiskeli iliyopita bila karatasi itakusumbua siku utakapotaka kuiuza, au siku mtu atakaposema ni yake.

Ya tatu ni ndugu walioko Ulaya. Hapa ndipo Ubelgiji inapotufaa. Huko siklokrosi ni mchezo wa familia, vijana wanakua na kubadilisha baiskeli, na nyingi huuzwa zikiwa bado na maisha marefu. Mwandikie ndugu yako orodha isiyo na utata: kadre ya alumini au chuma, sentimita fulani, freni za kantileva au diski za waya, pinyo 8 au 9, matundu ya keria, pine za kawaida na si boyau. Mwombe picha ya ubavu wa pine, ya pinyo na ya sehemu ya ekseli ya nyuma. Na mwombe aweke ndani ya sanduku pine mbili za 622, sheni mbili na vibao vya freni, kwa sababu vitu hivyo ni vyepesi na kule havimtoi jasho.

Hatua ya nane: ukaguzi kabla ya kutoa dola

Nenda mchana, pasipo mvua, na kitambaa cha kufutia. Uchafu unaficha nyufa.

Futa kadre pale mabomba yanapokutana: nyuma ya gido chini ya bomba la mbele, kuzunguka ekseli ya pedali, karibu na kiti, na kwenye mashikio ya gurudumu la nyuma. Ufa kwenye alumini huanza kama unywele chini ya rangi. Ukiuona, maongezi yamekwisha, hata bei ikishuka vipi. Kwa uma wa kaboni, gonga polepole kwa sarafu kutoka juu hadi chini. Sauti ikibadilika ghafla na kuwa butu mahali pamoja, hapo kuna jeraha.

Legeza kiti, jaribu kukipandisha na kukishusha. Bomba la kiti lililogandana na kadre ni tatizo kubwa kuliko linavyoonekana, hasa kama liko kwenye urefu usio wako.

Shika freni ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongano kwenye shingo, beringi zimelegea au zimekwisha. Shika mkono wa pedali, utikise kushoto na kulia. Mkono huo ukicheza, ekseli inahitaji kubadilishwa. Ekseli zenye uzi wa kufungia ndizo unazozitaka. Zile zinazopigwa kwa nguvu ndani ya kadre zinahitaji vifaa maalumu kuzitoa.

Zungusha kila gurudumu ukitazama uwazi kati ya jante na freni. Kuyumba kwa milimita mbili fundi anarekebisha kwa rayo. Jante yenye kishimo ni kitu kingine. Kama freni zinabana jante, pitisha kidole kwenye ukuta wake: ukihisi umebonyea kama kijiko, jante imelika na siku moja itafunguka.

Pima sheni kwa rula. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 25, sheni mpya ina milimita 304.8. Ikifika 306.5, badilisha sheni. Ikifika 308, pinyo nazo zimekwisha na sheni mpya itaruka juu yake, kwa hiyo hesabu vyote viwili.

Mwisho iendeshe. Si mita kumi mbele ya duka. Omba kwenda hadi kwenye mawe na kurudi, ukiacha kitambulisho au rafiki yako kama dhamana. Pitia vitesi vyote, kimoja kimoja, ukiwa umekaza pedali. Achia mikono kidogo mahali tambarare: baiskeli ikivuta upande mmoja, kadre au uma umepinda.

Kwenye bei, ongea kwa ushahidi. «Papa, baiskeli ni nzuri, lakini sheni imefika 308, na pine ya nyuma imechanika ubavuni. Hebu tuhesabu pamoja.» Muuzaji mwenye busara anashuka kwa vitu vinavyoonekana kuliko kwa kubembelezwa. Na noti zako za dola ziwe safi. Iliyochanika kidogo tu haitapokelewa, na mpango utavunjika mlangoni.

Hatua ya tisa: igeuze iwe ya kazi

Siklokrosi huja na pedali za kunasa viatu maalumu, au bila pedali kabisa. Nunua pedali bapa pana zenye uzi wa inchi 9/16. Kumbuka ya kushoto inafungwa kinyumenyume. Fundi asiyejua baiskeli hizi anaweza kuilazimisha na kuua uzi.

Keria, madigadi, taa nyekundu nyuma na nyeupe mbele: hivi si mapambo. Umeme wa mtaani ukikatika saa moja jioni, dereva wa lori la Fuso hakuoni. Begi la mgongoni linakuloweka jasho, liweke kwenye keria na ulifunge kwa mpira. Geuza gido juu kidogo na ulete kiti mbele kama mgongo unauma. Mwili unazoea gido iliyokunjwa ndani ya wiki chache, na mara nyingi utashika sehemu za juu tu.

Njiani beba mpira wa ndani wa akiba, pampu ndogo, viraka na gundi, na kipande cha pine kuukuu chenye ukubwa wa vidole vitatu. Kipande hicho ndicho kitakachookoa safari. Lava ikichana ubavu, kiweke ndani ya pine nyuma ya mpasuko kabla ya kujaza upepo, la sivyo mpira mpya utatokeza nje na kupasuka.

Majuma ya kwanza

Waya mpya hunyooka na rayo hujipanga. Baada ya wiki mbili au tatu rudi kwa fundi, akaze waya za freni na vitesi na kukagua rayo, hata kama hujasikia kitu. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi jeusi linashika mafuta na kuwa msasa kwenye sheni. Ifute kwa kitambaa kikavu kila juma, weka tone moja la mafuta mepesi kwenye kila kiungo, subiri, halafu ufute tena kinachobaki nje. Mafuta mazito ya injini yanavuta vumbi, usiyatumie. Msimu wa mvua paka mafuta mara nyingi zaidi, na ukifika nyumbani baada ya tope, mwaga ndoo ya maji kwenye freni na pinyo kabla halijakauka, bila kuelekeza maji ya nguvu kwenye beringi. Kila Jumapili jioni kaza nati za keria. Mitikisiko ya mawe hulegeza hizo kwanza kabla ya kitu kingine chochote.